Makopo Yaliyotaka Kuombewa

Jana usiku niliota nimesimama mbele ya jopo la utafiti, nimevaa gauni langu la Jumapili na ndala za bafuni, na hakuna aliyeona kasoro.

Nieleze kidogo kabla sijaenda mbali. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Songea. Sasa, nikiwa tayari na wajukuu, nasoma darasa la jioni ili nipate stashahada ya kufundisha sayansi. Leo jioni natakiwa kutetea utafiti wangu. Atakayekwama anaanza upya mwakani, na chuo kimeshatutangazia kwamba mwakani darasa la jioni halipo. Kwa hiyo kwangu ni leo au basi.

Utafiti wenyewe ni wa maharage. Nimeyapanda kwenye makopo ya maziwa na kuyapanga dirishani, chumbani kwetu. Kundi la kwanza nalimwagilia maji niliyooshea mchele. Kundi la pili, ambalo Mwalimu Hyera analiita kundi la ulinganisho, linapata maji ya bomba matupu. Mambo mengine yote yanatakiwa yawe sawa. Mwalimu Hyera, kijana wa umri wa mwanangu, hulirudia hilo kila jioni huku akitutazama mmoja mmoja: "Chochote unachompa huyu, na yule mpe. Tofauti iwe moja tu."

Haya, turudi ndotoni.

Kwenye meza ya jopo hapakuwa na mtu. Katikati ilikaa hadubini, shingo imeinama kama mzee anayetafuta sindano sakafuni.

"Karibu, Mama Mapunda," ikasema. "Mimi ni Baiolojia, ndiye mwenyekiti. Huyu kulia kwangu ni Elimu."

Kulia kwake palikuwa na kipande cha chaki. Chaki ilitikisa kichwa tu. Hadubini ikaniomba nisione vibaya, kwa sababu kila neno linaifupisha chaki, na maneno yaliyobaki hayazidi sentensi moja.

Kompyuta ilikuwa pale pia, ikijitazama kwenye kioo cha dirisha. Afya alikuwa mashine ya kupimia presha, na alikuwa ameshajifunga mkononi mwangu kabla hatujasalimiana. Menejimenti kilikuwa kiti cha ofisi cha kuzunguka, kitupu, kimetugeuzia mgongo.

Nilifurahi kupita kiasi. Niliona fani zote zimeacha shughuli zao kuja kusikiliza habari za maharage yangu. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikafungua kinywa.

"Naona kosa kubwa," ikasema hadubini.

"Sijaanza kusema, mwenyekiti."

"Nimeliona kwenye pumzi uliyovuta."

"Labda ni dogo."

"Kwangu hakuna dogo, mama. Uliza unyoya wa nzi."

Hapo mlango ukafunguka na makopo yakaingia. Hayakuwa na miguu. Yaliingia tu, kama watu wanavyoingia kwenye ofisi ambayo wamezungushwa sana na sasa wamechoka. Lilikuwa kundi la ulinganisho, lote. Mbele yao alikuwa Namba Sita, mwenye majani mawili na shina jembamba.

"Tumekuja kujitoa," akasema Namba Sita.

Nikahisi mashine ya presha inabana. Kanuni naijua, nimeikariri: mshiriki ana haki ya kujitoa kwenye utafiti wakati wowote, bila kulazimishwa kutoa sababu. Wakijitoa hawa sina cha kulinganisha. Nikikosa cha kulinganisha sina utafiti, na jioni nitabaki na mboga tu.

"Hamlazimiki kutoa sababu," nikasema, kwa kuwa kanuni ni kanuni.

"Tunayo na tutaitoa," akasema Namba Sita. "Mwenyekiti, huyu mama anatubagua."

"Maji mnapata kipimo kilekile," nikasema. "Udongo mmoja. Dirisha moja."

"Maji ndiyo. Lakini ukimaliza kumwagilia alfajiri, unapiga magoti. Unaanza: Bwana, umkumbuke Skolastika. Umkumbuke Eufrasia. Umtie nguvu Veneranda, ana jani la njano. Hao wote ni wa maji ya mchele. Umewapa majina ya wanawake wa jumuiya yako, kisha unawaombea mmoja mmoja. Ukifika kwetu unasema amina."

"Nani kawaambia?"

"Mama, sisi ni makopo. Sauti ikiingia humu haitoki."

Kopo moja la nyuma likadakia, "Hata ng'ombe ana jina."

"Nyamaza, Namba Tisa," akasema Namba Sita. "Usituharibie kesi."

Ilikuwa kweli. Sikukusudia. Nilikuwa nataka yale maji ya mchele yafanye kazi, na mimi ninachokitaka nakiombea, ndivyo nilivyolelewa. Haikuwahi kunijia akilini kwamba kuna mtu upande wa pili anasikiliza.

Nikageuka kuliangalia jopo, nikakuta hatupo tena ukumbini. Tupo wodini. Kila kopo limelala kwenye kitanda chake, limefunikwa shuka hadi kwenye majani, na jopo linapita kitanda kwa kitanda. Mashine ya presha ndiyo inayoongoza, na kwa kuwa imefungwa mkononi mwangu, naburutwa nayo.

"Hayo maombi," inasema, "dozi yake ni kiasi gani?"

"Sipimi. Nasali rozari, kisha naongea na Mungu kidogo."

"Kabla ya chakula au baada?"

"Kabla ya chai."

"Madhara yoyote?"

"Magoti huuma."

"Ya mgonjwa?"

"Ya kwangu."

Inaandika kitu hewani. Kompyuta inasogea karibu na kusema kwamba imetafuta maombi yangu kila mahali na hayakuhifadhiwa popote.

"Yamehifadhiwa," nasema.

"Kwenye nini?"

"Juu."

Kompyuta inatazama dari kwa muda mrefu sana.

Kiti cha kuzunguka kinazunguka kwa mara ya kwanza, kinanitazama. Hakina uso lakini kinanitazama. "Shughuli ya kuwaotesha hawa inasimamiwa na nani?"

"Na Mungu."

"Yeye anaripoti kwa nani?"

"Haripoti."

"Na bado kazi zinakwenda?"

"Zinakwenda."

Kiti kinajizungusha taratibu mpaka kinarudi kilipoanzia, na sikukisikia tena usiku kucha.

Hadubini ikatoa uamuzi palepale, kati ya kitanda na kitanda. Tofauti ni mbili, si moja. Kuna mchele na kuna maombi. Maharage ya kundi la kwanza yakirefuka, hakuna atakayejua yamerefushwa na nini. Dawa ni moja: niache kuwaombea wote kuanzia sasa, makundi yawe sawa, utafiti uendelee.

Kundi la kwanza, sijui lilikuwa limejificha wapi, likaanza kulia chini ya vitanda. Nikaisikia sauti ya Veneranda, mwenye jani la njano.

"Mwenyekiti," nikasema, "hilo siwezi."

"Unaweza kukosa stashahada?"

Mashine ya presha ikabana mpaka vidole vikafa ganzi. Nikamwona Mwalimu Hyera akifunga darasa na kuzima taa. Nikajiona nikirudi nyumbani na vitabu vyangu kwenye mfuko wa sokoni, mume wangu akiniambia si neno, mama Osmunda, umejitahidi. Hiyo "umejitahidi" ndiyo niliyoiogopa kuliko yote.

"Naweza," nikasema. "Lakini sitaki. Nataka vyote viwili."

"Havikai pamoja," ikasema hadubini.

Ndipo chaki ikasimama. Wodi nzima ikageuka kuitazama. Hata mimi nilitamani kuizuia, maana ilikuwa imebaki fupi kama ukucha.

"Aombe bila kujua," ikasema, ikaisha.

Vumbi lake likatua kwenye mashuka polepole. Na mimi, niliyehudhuria darasa la jioni nikipigana na usingizi, nikaelewa kwa ghafla somo ambalo Mwalimu Hyera alilifundisha mara mbili na mara zote mbili nikaitikia ndiyo kwa adabu tu. Mtafiti asijue nani ni wa kundi gani. Anayepewa asijue. Anayetoa asijue. Wote wapate, na mkono usiwe na upendeleo. Nilipiga makofi peke yangu kama mtoto.

"Mnifunge macho," nikasema.

Tupo kwenye darasa langu la chekechea. Herufi ziko ukutani, viti ni vile vidogo. Makopo yote yameketi, makundi yote mawili, na yanapiga kelele.

"Kidole mdomoni," nasema.

"Hatuna vidole," anasema Namba Tisa.

"Basi jani mdomoni."

"Hatuna mdomo."

"Na hizo kelele zinatoka wapi?"

Yananyamaza. Miaka yangu yote ya kufundisha haijapata kuwa na faida kama dakika ile.

Skolastika, yule kopo, ananifunga macho kwa kanga yangu mwenyewe. Nasikia makopo yakibadilishana nafasi, mabati yakigongana, mtu akikanyagwa na kulalamika. Hadubini inatangaza kwamba sasa hata yenyewe haijui nani ni nani, na inasema hivyo kwa raha, kama aliyeruhusiwa kupumzika.

Napiga magoti. Nanyoosha mkono gizani. Nagusa bati baridi, udongo wenye unyevu, jani. Naomba. Nasogea. Nagusa lingine, naomba yaleyale kwa urefu uleule. Sijui kama ni Eufrasia au ni nani, na ajabu ni kwamba maombi hayapungui. Yanaongezeka. Moyo unanidunda kwa furaha kama siku ya kipaimara. Ninaowaombea siwajui, na ninawapenda wote kwa kipimo kimoja. Nawaza kwamba kumbe sayansi ilikuwa inanifundisha kusali.

Nafika kwenye shina jembamba sana. Linatetemeka.

"Usiniambie wewe ni nani," nanong'ona.

"Sijasema kitu," anasema Namba Sita.

"Umeshasema."

"Kwenye ripoti iite hitilafu ndogo."

"Nikupe jina?"

Anafikiri. "Hapana, mama, Sita nimeizoea. Nilitaka tu kutajwa."

"Bwana, umkumbuke Namba Sita," nasema.

Kopo linapumua. Nalisikia kiganjani, pumzi ndefu, kama ya mtoto aliyelia akanyamazishwa.

"Basi hatujitoi," anasema. "Lakini utuambie unakopigia magoti. Tukiwa dirishani, wewe uko nyuma yetu, hatukuoni."

Nataka kumjibu. Kinywa kinafunguka na badala ya maneno inatoka kengele ya kanisa, ile ya misa ya kwanza.

Niliamka. Kengele ilikuwa inalia kweli. Mume wangu Kunibert alikuwa ameshaamka na amesimama kwenye ile kona kati ya kabati na kitanda, anafunga vifungo vya shati.

"Sita ni nani?" akaniuliza.

"Kwa nini?"

"Umemwombea usiku kucha. Mimi mumeo sijasikia nikitajwa hata mara moja."

"Nawe nitakutaja, baba Osmunda. Ngoja niamke vizuri."

"Sina haraka. Nimengoja miaka thelathini."

Nikaenda dirishani kumwagilia. Jua lilikuwa linatokeza. Maharage ya maji ya mchele yalikuwa yameinamia kioo, yanafuata mwanga, kama maharage yote yanavyofanya na kama kitabu kinavyosema. Nikayamwagilia. Nikahamia kundi la ulinganisho, na mkono ukabaki hewani na kikombe.

Yalikuwa yameligeuzia dirisha mgongo. Namba Sita, Namba Tisa, yote, mashina yameinama kuelekea ndani ya chumba, kwenye giza, majani yamefunguka upande ambako hakuna mwanga wowote.

"Baba Osmunda, umeyageuza makopo?"

"Mimi na makopo yako wapi na wapi?"

Nilitazama chini. Udongo uliodondoka wiki nzima ulikuwa umeganda kuzunguka kila kopo, duara halijavunjika hata kidogo. Hakuna kopo lililoguswa. Nilifuata kwa macho mahali yalipoelekea. Hayakuelekea mlangoni wala kwenye taa. Yote yalielekea kwenye ile kona kati ya kabati na kitanda, mahali ninapopigia magoti.

Nilichukua simu kwa furaha, nikampigia Mwalimu Hyera. Nikamweleza yote, ya maombi na ya mashina, bila kupunguza, kwa sababu jioni nitayasema hivyohivyo mbele ya jopo lenye watu, liwalo na liwe.

"Mama Mapunda," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya darasani, "usiguse kitu. Nakuja na rula."

Nikakata simu. Kunibert alikuwa bado amesimama pale kwenye kona, kifungo kimoja hakijafungwa, anayatazama maharage na maharage yanamtazama. Kisha akasogea pembeni taratibu, kama mtu aliyegundua amewaziba waliokaa nyuma.