Ngoma Humfuata Nereida

Nereida Osorio hakuwa mtu wa kubabaika. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, albamu sita za Kispanyola, na viwanja alivyovijaza kuanzia San Juan hadi Lima mpaka watu wakazimia. Kampuni yake ilipomwambia kwamba wakati umefika wa kuwaimbia Wamarekani kwa Kiingereza, hakuuliza kama ataweza. Aliuliza tunaanza lini.

Walianza Jumatatu, katika studio moja ya Santurce, mtaa wa San Juan. Kampuni ilimletea prodyuza kutoka Los Angeles, Grant Tolliver, mwanamume mpole asiyejua kupaza sauti, pamoja na mwalimu wa matamshi aliyekaa pembeni na karatasi zake. Kazi ilikwenda hivi: mashine inampigia Nereida mapigo masikioni, ti, ti, ti, naye anaimba mstari mmoja mara arobaini. Kisha Grant anachukua neno hapa, nusu ya neno pale, anaunga. Kufikia Jumatano mchana wimbo wa kwanza ulikuwa tayari. Mwalimu wa matamshi hakuona kosa hata moja, akaaga, akaenda zake uwanja wa ndege.

Nereida akaomba ausikilize peke yake. Jamani, ulikuwa wimbo safi, na ulikuwa umekufa. Akaona aibu, aibu ya kweli, kama aliyejiona pichani akiwa amevaa nguo za mtu mwingine. Na Ijumaa bosi wa kampuni, Bi Lorna Whitfield, angekuja kutoka New York kuusikiliza. Bi Whitfield alikwisha sema wazi kwamba asipoguswa na wimbo huo, habari ya Kiingereza imekwisha, na nyimbo zote kumi za albamu hiyo ya Kiingereza zitapewa mwimbaji mwingine. Nereida alizitaka nyimbo zile. Alizitaka mno, wala hakumficha mtu.

Alhamisi asubuhi akaendesha gari hadi kwao Loíza, kwa mjomba wake Wilfredo, kaka wa marehemu mama yake. Alimkuta uani akikaza ngozi ya mbuzi kwenye pipa la kupigia ngoma. Mzee huyu ndiye aliyemlea katika bomba, yaani ngoma yao ya nyumbani, na umaarufu wa mpwa wake haukumtisha hata kidogo. Alimtuma kwanza akanunue bajia za kaa, wakala, ndipo akakubali kusikiliza kaseti ya wimbo ule. Wimbo ulipokwisha akafuta vidole taratibu.

"Huyu anayeimba ni nani?"

"Mjomba, usinianze."

"Nauliza tu. Maana anamfuata mpigaji kama mbwa aliyeona mfupa. Nani kakufundisha hivyo? Mimi?"

Kosa lenyewe mgeni asingelijua, lakini mtu wa Loíza angeliona hata akifumba macho. Katika ngoma ile mchezaji hafuati. Anaingia uwanjani, anaisalimu ngoma kwa kuinama, na kuanzia hapo yeye ndiye mwenye amri. Akitikisa bega, ngoma inajibu. Akirusha sketi, ngoma inajibu. Akisimama, ngoma nayo inameza mate. Mpigaji akishindwa kujibu, anayechekwa ni yeye. Na Nereida, aliyecheza hivyo tangu ana miaka mitano, alikuwa ameshinda siku tatu akiburuzwa na mashine, kwa kuogopa tu kukosea lugha ya watu. Alijikasirikia kweli kweli.

"Kesho una kazi gani?" akauliza.

"Nina pipa hili."

"Njoo nalo."

Ijumaa Grant alipoliona pipa likiingizwa studioni, alieleza kwa adabu kwa nini haiwezekani. Bila mapigo ya mashine hakuna kukata wala kuunga. Nereida angeimba moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho, na neno likiharibika ndiyo basi, maji yakimwagika hayazoleki. Na Kiingereza chake, samahani sana, kilitegemea mno kuungwa. Nereida alimwacha amalize, akavua viatu, akamwomba aweke maiki mbele ya pipa. Wala hakupandisha sauti.

Bi Whitfield alifika saa nne, akaketi nyuma ya kioo. Nereida akainama mbele ya ngoma ya mjomba wake. Akatikisa bega, pipa likajibu, ndipo akaimba. Ubeti wa pili alilichelewesha neno makusudi, na mzee akamngoja. Kwenye kiitikio akaharakisha, mzee huyo nyuma yake, jasho linamtiririka. Ubeti wa tatu ulipofika kwenye mstari mgumu kuliko yote, kinywa cha Nereida hakikusema kitu. Alirusha sketi kulia, kushoto, akakanyaga mara tatu, akasimama. Pipa likajibu yote, halikuacha hata moja. Naye akaendelea kuimba hadi mwisho.

Bi Whitfield alisema umependeza, umependeza sana, ila kuna mstari umesahauliwa. Aurudie huo mmoja tu, Grant auingize.

"Hauingizwi," alisema Grant, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuomba radhi. "Ngoma inakwenda na yeye. Ukichukua wimbo huu, unauchukua wote."

"Na sikuusahau," alisema Nereida. "Niliucheza."

"Anayesikiliza redio haoni miguu yako."

"Basi fumba macho."

Grant akapiga sehemu ile. Bi Whitfield akafumba macho. Sauti ya Nereida ikakatika, pipa likasema lake, kimya kidogo, sauti ikarudi. Bi Whitfield akaomba tena. Akaomba mara ya tatu, na safari hii alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mjomba Wilfredo, asiyejua neno la Kiingereza, alimwangalia mpwa wake kana kwamba anauliza wamefanya kosa gani.

"Maneno ya mstari ule yalikuwa yanasemaje?" aliuliza Bi Whitfield.

Grant akaanza kupekua karatasi. Nereida akamshika mkono.

"Unayahitaji?" akamuuliza bosi wake, kwa Kiingereza ambacho hakuna aliyemfanyisha mazoezi.

Bi Whitfield akaachia ukingo wa meza.

"Hapana," akasema. "Nyimbo ni zako. Zote kumi."