Faili Iliyokataa Kufungika

Kufikia saa tano za mchana Vainqueur alikuwa ameinuka kwenye kiti mara kumi na moja. Kila alipoinuka alikwenda dirishani, akautazama uwanja wa shule ukijaa watu, akarudi akakaa. Wazazi wa mitaa ya Rugenge na Songo walikuwa wanafika, poda nyeupe tayari mifukoni, ya kuwamwagia kichwani watoto watakaopita. Saa nane Prefe Octave, mkuu wa shule, angesimama mbele yao na kusoma matokeo ya mwaka, jina kwa jina. Jina la Shalom, mdogo wake Vainqueur, halingesomwa.

Wiki iliyopita pointi za darasa la tano zilijulikana mtaani kabla ya siku yake. Programu ya pointi ilitengenezwa na Vainqueur, na Shalom alikuwa darasa hilohilo. Prefe hakutafuta mbali: alilikata jina la Shalom.

"Minye sikuiba kitu, yaya," Shalom alimwambia mkubwa wake asubuhi, macho makavu kwa hasira. "Wasiponisoma leo, mimi sirudi tena ku ile masomo. Hata unibebe mugongoni."

Kosa lenyewe Vainqueur alilipata jana yake. Kila faili katika mfumo wa Unix hubeba amri: mwenyewe afanye nini, wengine wafanye nini. Faili ya pointi ilikuwa ya Mama Ernestine, sekretari wa shule, na Vainqueur aliiwekea 600: Ernestine asome na aandike, wengine wote wabaki nje. Lakini lugha aliyoiandikia programu, lugha inayojengwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, ilikuwa na kasoro. Kila Ernestine alipohifadhi pointi, lugha iliandika faili mpya pembeni, ikaifuta ya zamani, ikaipa mpya jina lake. Jina lilirithiwa, amri hazikurithiwa. Faili ilizaliwa upya na 644, wazi kusomwa na mwanafunzi yeyote aliyekaa kwenye kompyuta za chumba cha pili.

Aliingia ndani ya lugha yenyewe akaongeza mistari minne: kabla ya kubadilisha jina, chukua amri za faili ya zamani, uivishe ile mpya. Mistari minne safi! Alijiona bwana wa nchi yote, toka ziwani mpaka Sange.

Kisha akaandika jaribio. Ifunge faili kwa kila mtu kabisa, hifadhi, halafu jaribu kuisoma. Lazima ikatae.

Faili ikafunguka.

Akarudia. Ikafunguka. Alitazama amri zake: zilikuwa palepale, zimefungwa. Faili ilisema imefungwa, na papo hapo ikamwaga yote iliyokuwa nayo.

Saa sita Prefe Octave aliingia, suti nzito, jasho shingoni. "Sasa, Vainqueur?"

"Angalia hizi namba, Papa Prefe. Imefungwa."

"Ifungue tuone."

Vainqueur alibonyeza. Ikafunguka.

"Kumbe kufunga kwako ni kwa namba tu," Prefe alisema. "Saa nane nitasoma. Mutoto wa kwenu atangoja mwaka kesho." Akatoka.

Vainqueur alipiga meza, kalamu zikaruka. Akaifuta mistari yake minne, akaiandika upya kwa namna nyingine. Ikafunguka. Akaifuta tena. Uwanjani wapiga ngoma walikuwa wanajaribu ngoma zao.

Mama Ernestine, aliyekuwa anapanga karatasi kwenye kona, alicheka kidogo akiitazama kompyuta.

"Unacheka nini, mama?"

"Nacheka hii ordinatere. Minye nikiingia, inanikataliaka: huku usifike, hii usifute. Kila siku inanigombeza kama mama mukwe. Weye haijakukatalia hata siku moja. Labda inakuogopa."

Vainqueur aligeuka amjibu kwa ukali, badala yake akatazama jina aliloingilia juu ya kioo.

Ilikuwa inamwogopa kweli. Tangu alipoiweka mashine hiyo, hakuwahi kuingia kwa akaunti ya kawaida. Aliingia kama root, akaunti kuu, ambayo mfumo hauikatalii chochote, hata faili iliyofungwa kwa watu wote. Jambo hilo hata anayeanza analijua. Yeye alilijua, akalisahau, kwa sababu alipenda mno kuketi pale ambapo hakuna wa kumwambia hapana.

"Mama Ernestine," alisema polepole, "nimekuwa mupumbavu tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi tu?"

Alirudisha mistari minne ya kwanza. Mwanzoni mwa jaribio aliongeza mmoja: anayejaribu akiwa root, simama, usijidanganye. Kisha akakimbia uwanjani, akamshika Prefe mkono mbele ya wageni, akamvuta mpaka chumba cha pili, alikomwita Mama Ernestine pia kwenye kompyuta ya pembeni. Ilibaki robo saa kufika saa nane.

"Kaa, Papa Prefe. Sasa hivi weye ni mwanafunzi, umeingia kwa akaunti yao. Mama Ernestine, hifadhi, na lugha ya zamani."

Prefe alifungua faili. Majina na pointi vikajaa mbele yake. Akaviziba haraka kwa mikono yote miwili.

"Kila mutoto aliyekaa kwenye hicho kiti aliweza kuona hivyo," Vainqueur alisema. "Mia mbili na kitu. Si Shalom peke yake. Sasa nairudishia 600. Mama, hifadhi tena, na lugha niliyotengeneza."

Prefe alibonyeza. Mstari mmoja tu ukatokea: *Permission non accordée*, ruhusa haijatolewa.

Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Ulikuwa uleule.

"Inanikatalia mimi?" Prefe aliuliza. "Prefe?"

"Hata weye, papa."

Octave akatoa kalamu, na kwenye karatasi ya darasa la tano, mahali palipokatwa kwa wino mwekundu, akaandika upya jina la Shalom.

Vainqueur alirudi ofisini. Alijifungulia akaunti ya kawaida, akafunga ile kuu, akamkabidhi Ernestine neno la siri ndani ya bahasha. Sauti ya Prefe ilipofika darasa la tano, alikuwa tena dirishani.

"Na hukuangalia kwanza mudogo wako amepata ngapi?" Ernestine aliuliza.

"Nimejaribu sasa hivi."

"Eeh?"

"Imenikatalia."

Huko nje jina lilisomwa, na poda ikaruka juu.