Kipande Kingine

Bi Pindo alikaa mwisho wa benchi la kliniki, mtandio ameukunja mara mbili kifuani ili harufu ya kidonda isimtangulie. Haikusaidia. Mwanamke wa pembeni yake alijifanya ameitwa, akaenda kusimama dirishani. Fundi cherehani aliyekuwa akigombaniwa na wateja, siku hizi hata jirani hamletei suruali ya kupunguza! Mashine ya mionzi ilikuwa mbovu bado, na mtu wa kuitengeneza, waliambiwa tena, yuko njiani. Jamani, njia gani hiyo isiyofika?

Akajikokota ngazini hadi maabara. Huko walikuwa wamekata kipande cha uvimbe wa titi lake, wakawa wanazikuza seli zake ndani ya kabati la joto na kuzijaribia dawa iliyokamuliwa kwenye majani. Umeme ukikatika wodini, kabatini haukatiki. Mtafiti, binti mpole, humruhusu achungulie kwenye darubini.

"Hawajambo?" huuliza Bi Pindo, wakacheka wote wawili. Kwake hakuna wa kumjulia hali.

Leo binti alimpokea mlangoni.

"Zimekufa, mama! Seli zako zote! Majani yameziua!"

Ndani watu walikuwa wakipiga makofi. Bi Pindo akapiga kigelegele mpaka kidonda kikamuuma, na furaha ikamtoa machozi.

"Basi nipe, mwanangu. Hata kijiko kimoja."

Binti akaacha kutabasamu. "Hii bado ni ya kwenye sahani ya kioo, mama. Kwenye sahani hata sabuni inaziua. Lazima tuanze na panya, halafu… ni miaka."

"Panya ndiye anaanza?"

"Ndiyo utaratibu."

"Basi niandikeni panya."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa maabara akamwambia binti, bila kumtazama mgonjwa, "Tunahitaji kipande kingine. Hizi zimekwisha, na wafadhili wanakuja kuona."

"Lakini hali yake, mkuu…"

"Uvimbe si upo? Tena umekua."

Bi Pindo angeweza kuondoka. Aende wapi? Akafungua vifungo vya gauni mwenyewe, polepole. Binti akavaa glavu, akalishika titi kwa kiganja, na Bi Pindo akafumba macho, maana tangu mvua zilizopita hakuna mtu aliyemgusa.

"Kata kikubwa, mwanangu," alisema. "Zisije zikaisha upesi."