Nguzo za Njia ya Mnadani

"Debora, ngoja uchaguzi upite," Swedi alimsihi. Debora alikuwa diwani anayetetea kiti chake, na Swedi ndiye aliyekuwa akimpangia kampeni. "Ukifunga njia sasa, udiwani utausikia redioni."

Angoje nini? Malori yaliyokwepa foleni ya barabara kuu yalikuwa yakikatiza njia ya mnadani, mbele ya shule, na moja lilimgonga Paulina, muuza karanga, akafa pale pale. Msibani Debora alisimama akaahidi: lori halitapita tena hapa. Ahadi ya msibani haichezewi.

Nguzo za zege zikachimbiwa. Lori likakoma kweli. Ila zilibanana mno. Hata ng'ombe wa mnadani wakawa wanapenya mmoja mmoja, na wafugaji wakanuna.

Loo, matusi aliyoyapata! Wenye maduka wakasema amewaua kibiashara. Mpinzani wake, Brighton, akapanda jukwaani: "Nikishinda tu, nazing'oa!" Watu wakashangilia, majirani wa Debora wakiwemo.

"Sema utazitoa," Swedi akambembeleza. "Neno moja tu, mama."

"Nikalisemee kaburini kwa Paulina? Sisemi ng'o!"

Akashindwa. Tena si kushindwa, kuchapwa! Akajifungia ndani, akalia mpaka akachoka, kisha akanawa uso.

Brighton hakuchelewa. Siku ya mnada, asubuhi, akaja na tipa na vijana wenye nyundo. Wakamkuta Debora kaegemea nguzo ya kati.

"Mama, wewe si diwani tena."

"Najua. Haya, anzeni na mimi."

Vijana wakatazamana. Hapo vumbi likatimka, na Mzee Mazengo, baba yake Paulina, akatokea na ng'ombe wake.

"Shikamoo, baba," Debora akasema.

"Marahaba." Mzee akamswaga ng'ombe wa kwanza katikati ya nguzo. Taratibu. Kisha wa pili.

"Mzee, harakisha, tuna kazi!" Brighton akafoka.

"Wanapita mmoja mmoja, mheshimiwa. Wewe huoni?"

Nyuma yake wafugaji wengine wakazidi kufika na mifugo yao. Tipa likazingirwa, likazima injini.

"Kura yangu sikukupa, mwanangu," Mazengo akamwambia Debora. "Ulizibana nguzo hizi bila kutuuliza wafugaji. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Lakini zimesimama alipoangukia binti yangu. Wa kuzing'oa atanipitia mimi kwanza."

Akampa fimbo. Debora akaipokea, akasimama upande wa pili wa nguzo na kuwapokea ng'ombe, mmoja mmoja, bila haraka yoyote. Foleni ya mifugo ilikuwa imeshapita kona, na ndiyo kwanza saa mbili.