Nimenawa Mikono

Msichana aliyeongoza mtihani wa vitendo chuoni kwao, chuo cha wakunga, wenzake walimpa jina la Tisini na Nane, kwa sababu ndizo alama alizopata, na jina likamkaa. Mtihani wenyewe, eti wa vitendo, ulifanywa kwenye kompyuta: mgonjwa yumo kwenye kioo, mwanafunzi ameshika kipanya, mikono yote mikavu. Ilibaki sahihi ya mkufunzi tu, aanze kazi chumba cha kujifungulia Jumatatu.

Mkufunzi hakuwa mtu wa kusaini asichokiona. Asubuhi hiyo akampeleka wodini, kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, akamwambia asafishe mshono.

Tisini na Nane alimsalimia mgonjwa vizuri, akajitambulisha, akaomba ruhusa. Kisha akasema kwa sauti, "Nimenawa mikono," akapeleka vidole kwenye mshono.

Sinki lilikuwa nyuma yake, hata tone halikulilowesha. Mkufunzi alimdaka mkono vidole vikikaribia kugusa. Damu ilimchemka. Alitaka kumfokea mbele ya wodi nzima, lakini binti alimkodolea macho kwa mshangao wa kweli.

"Nimekosea wapi, mwalimu? Si nimesema?"

Hapo hasira ikageuza njia. Kwenye kompyuta kulikuwa na kitufe kilichoandikwa hivyo hivyo. Ukikibonyeza unapata alama, unasonga mbele. Mtoto wa watu alikuwa amenawa mwaka mzima bila kufungua bomba, na hakuna aliyejisumbua kumwambia.

Mkufunzi alisimama naye pale sinki mpaka akamaliza kila kidole, kisha akapanda ngazi kwenda kwa mkuu wa chuo, akitweta kwa hasira. Mkuu alimsikiliza huku akizungusha kiti chake. Alisema kompyuta haina upendeleo, haichoki, wala haiamki vibaya. Mambo ya sabuni binti atajifunza kazini.

"Atajifunzia kwa nani?"

"Dada yangu, usikuze mambo," Mkuu alisema, akamsogezea fomu na kalamu. Kisha akalainika. Mkewe alikuwa wa leo au kesho, na kuna jambo alitaka kumwomba: siku ikifika, mkufunzi mwenyewe ndiye amzalishe, mtu mwingine asimguse.

Mkufunzi alihisi masikio yakiwaka moto. Kumbe alijua. Muda wote huo wa kuzisifia kompyuta zake, mtu huyu alijua vizuri kabisa, ila wake za watu wengine hawakumuuma.

"Ratiba ya zamu nayo haina upendeleo, Mkuu," alisema, akiirudisha kalamu. "Nikisaini hapa, Jumatatu yupo zamu yeye."

Kiti kikaacha kuzunguka. Mkuu aliitazama fomu, akaikunja, akaifungia kwenye droo. Akauliza kwa sauti ya chini binti huyo arudishwe wodini kufundishwa kwa muda gani.

"Binti huyo peke yake?" mkufunzi alisema. "Darasa zima limenawa kwa kipanya."