Nywele za Malkia, Godoro la Thaddée

Harufu ilimpokea Elihuruma mlangoni, kabla hajavua viatu vyake vya theluji. Haikuwa ya mzee Thaddée, maana alimwogesha mwenyewe kila asubuhi na kumpaka mafuta mpaka akang'aa. Ilikuwa ya godoro. Lilikuwa limekunywa mkojo wa miaka, wa Thaddée na wa aliyelilalia kabla yake, na katikati lilikuwa na bonde ambamo mgongo wa mzee ulishaanza kuchubuka.

"Ligeuzeni upande wa pili," ndilo lililokuwa jibu la Theophil, mwenye nyumba ile ya kutunzia wazee huko Blaine, ughaibuni, kila alipoombwa jipya. Pande ni mbili tu, nao walishaligeuza mara tano. Kushtaki? Thaddée mwenyewe alikataa. Nyumba itafungwa, alisema, naye atapelekwa mahali pasipo na mtu wa kumsalimia kwa Kiswahili.

Asubuhi hiyo Mama Ikupa, mke wa Theophil, alikuwa jikoni, amekumbatia fremu ya rangi ya dhahabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tazama! Watoto wamemnunulia baba yao nyota, huko kwenye intaneti. Ina cheti na jina lake. Jumamosi anatimiza sitini, tuko ukumbini New Hope. Wewe si mshairi? Mtungie shairi la nyota yake."

"Mimi situngi mashairi ya kusifu watu, mama."

"Eti hatungi! Sikia huyu!" Alicheka, kisha akashusha sauti. "Akifurahi, hilo godoro nitalisemea siku hiyohiyo. Si unamjua? Mpaka asifiwe."

Elihuruma alijisikia kama mtu aliyemeza nzi. Mizani alijifundisha peke yake, akihesabu silabi kwa vidole, na katika daftari lake mlikuwa na mashairi arobaini ambayo, kwa hesabu yake mwenyewe, hakuna aliyeyakaribia kutoka St. Paul hadi Apple Valley. Hakuna hata moja lililomlamba mtu miguu.

Alipomsimulia Thaddée, ambaye alifundisha hesabu Bukavu kwa miaka thelathini, mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Nyota haiuzwi, petit, kijana wangu. Ile ni karatasi. Lakini ngoja nikuambie ya Konon."

"Konon ndiye nani?"

"Mugriki wa Samos, zamani, mbele ya Yesu. Fundi wa nyota na wa hesabu. Arkimede mwenyewe alikuwa anamutumia kazi zake azipime. Aliandika vitabu saba vya nyota. Sasa, Malkia Berenike wa Misri alikata nywele, akaziweka hekaluni, kwa sababu bwana yake alirudi muzima toka vita. Kesho yake, nywele hakuna! Mufalme amekasirika. Konon ananyoosha kidole juu: nywele zile pale, zimekuwa nyota."

"Akadanganya?"

"Alisifu. Na zile nyota zinaitwa nywele za Berenike mpaka leo."

"Na vitabu saba?"

"Vyote vilipotea. Hata ukurasa moja hatuna."

Elihuruma akasonya. "Mtu mzima, na akili zote zile, anaramba nywele za mke wa mtu! Heri vilivyopotea."

"Pengine," alisema Thaddée, akijigeuza huku ameuma meno, "alikuwa na mutu wake kwenye godoro mubaya."

Elihuruma alichukua kitambaa, akafuta usaha mgongoni mwa mzee, na Jumamosi akavaa suti.

Ukumbini Theophil alikaa mbele kwenye kiti kilichofunikwa satini, tumbo mapajani, cheti cha nyota ubavuni, midomo iking'aa mafuta ya mbuzi. Elihuruma akashika kipaza sauti.

*Juu mbinguni yang'ara, nyota ya wetu mlezi,*
*Imetupa barabara, na riziki na makazi…*

Vigelegele vikapasua dari. Simu ziliinuliwa kama msitu. Theophil alifuta machozi, machozi kweli, akamkumbatia kwa mikono ileile yenye mafuta. Mizani ilikuwa imekaa sawasawa, silabi kumi na sita kila mstari, na hilo ndilo lililomchefua Elihuruma kuliko yote. Alitoka nje akatapika kwenye theluji, kando ya gari la mtu.

Jumatatu godoro lilifika, jipya, likinuka plastiki. Thaddée alilala juu yake akiwa mkavu, akafumba macho.

"Asante kwa nywele za malkia," alisema. "Sasa nisomee shairi moja la kweli."

Elihuruma akafungua daftari. Hakumaliza ubeti wa kwanza. Mzee alikuwa anakoroma.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Mama Ikupa: "Mwanangu, shairi limefika mpaka Mbeya! Shemeji yangu naye anataka lake. Lilelile, ubadilishe jina tu."

Ubadilishe jina tu! Alikaribia kuirusha simu ukutani, lakini nyuma ya ukuta huo alilala mzee mwingine wa nyumba hiyo, Francis, na harufu ya godoro lake ilishaanza kupenya chini ya mlango.

"Kwanza lije godoro la Francis, mama," aliandika.

"Sawa, baba. Shemeji anaitwa Bartholomeo."

Elihuruma akatazama vidole vyake kwa kinyaa, kisha akaanza kuvikunja kimoja kimoja. Bar. Tho. Lo. Me. O.