Mshono wa Mgongoni

Kikundi cha wacheza bale kilipoondoka Muscat, kiliiachia nyumba ya opera gauni moja kuukuu la jukwaani. Bwana Msellem, msimamizi wa duka la zawadi la humo ndani, akalivisha sanamu nyembamba ya mbao kando ya mlango. Lilikuwa jeupe, kifuani shanga, chini marinda ya wavu yaliyosimama kama povu. Wageni waliingia kununua ubani na sumaku za friji, wakaishia kulipiga picha.

Sabah, muuzaji wa hapo, alikuwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, na hata harusini hakuwa mtu wa kucheza. Lakini kila alipolipangusa vumbi gauni lile, mkono ulikuwa mzito kutoka. Adhuhuri moja, duka tupu, mwenzake Hadeel ametoka kufuata chai ya karaki, alilivua kwenye sanamu, akaingia nalo stoo, akarudisha mlango.

Alidhani litakwama nyongani. Likapita. Lilibaki wazi mgongoni, na vifungo hakuvifikia. Bado anapapasa, vidole vya mtu vikaanza kumfungia, toka kiunoni kupanda juu, vyepesi, vya baridi, vya mtu aliyeizoea kazi.

"Usinikaze sana, Hadeel," alisema. "Nna tumbo miye."

Vidole vikasita, kisha vikakaza zaidi. Kiganja kikamrudisha mabega nyuma. Sabah akajiona kwenye kioo kilichoegemezwa ukutani: shingo ndefu, kiuno cha msichana. Akatabasamu. Hapo mlango ukafunguka ubavuni mwake, Hadeel akaingia na vikombe viwili vya karaki. Nyuma ya Sabah, kiooni, palikuwa na maboksi tu.

Alimwomba Hadeel amfungue upesi, pumzi hazishuki. Hadeel akaweka vikombe chini, akampapasa mgongo.

"Dada Sabah, nani kakushonea? Hapa hapana kifungo. Pana uzi."

Akachukua mkasi, akapiga Bismillahi, akakata toka shingoni mpaka kiunoni. Gauni likaanguka sakafuni. Sabah alijitupia abaya yake, akatoka.

Msellem hakuwaamini. Aliingia stoo, akaliokota, akaligeuza mbele yao. Mgongo ulikuwa umeshonwa wote, kwa uzi mkongwe uliogeuka manjano, na hapana palipokatwa. Akasema lilikuja vivyo hivyo, na siku ya kulivisha sanamu ilimbidi alipitishe kichwani.

Nyumbani Al Khoudh, mama yake Sabah alimsomea Kurani. Alipomfunua mgongo kumpaka mafuta ya habasoda, aliona vitobo vya sindano vimepangana toka kiunoni hadi shingoni, akalia, akamsihi aache kazi. Sabah alikuwa amemweleza yote ila moja: kwamba pale kiooni, kabla mlango haujafunguka, alikuwa na furaha ambayo hajapata kuijua maishani.

Kazini hakurudi. Hadeel alipompigia simu kumjulia hali, Sabah alimwomba asimtajie kabisa gauni lile limewekwa wapi, maana akijua, atalifuata.